Khanga Kwenye Kamba ya Bwawa la Wazazi

Njiro, Arusha
3 Julai 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na baridi ya mwezi huu haijakufungia ndani. Sisi hapa hatujambo. Athumani anakusalimu sana. Bado yuko na gereji yake kule Elerai, na jioni anarudi ananuka oili mpaka paka wa jirani anamkimbia.

Naandika kwa mkono kama ulivyoagiza, ingawa ungeiwasha ile simu niliyokununulia tungemaliza mambo haya kwa dakika tano. Yiamat amekubali kubeba barua zetu pamoja na madumu yake ya maziwa, lakini amenionya kwamba yeye si posta na zikilowa asilaumiwe.

Kwanza, samahani kwa Jumamosi. Najua nilipita kijijini bila kukaa wala kula. Mpiga picha alikuwa anawahi kazi nyingine mjini na mwanga wenyewe ulikuwa unatukimbia.

Pili, nina habari njema. Jasmeet, mwenye ofisi yetu, amenikabidhi ziara ya wageni ya Nairowua niisimamie mwenyewe. Miaka sita nimekaa pale nikipokea simu na kupanga magari kwa ajili ya safari zilizobuniwa na wengine. Hii ndiyo ya kwanza iliyo yangu, na nimeamua haitashindikana. Orodha ya vivutio nimeiandika kwa mkono wangu: maporomoko, chemchemi kubwa wanakooga vijana, kahawa ya mwenyekiti Manase anayoikaanga kwenye chungu, na mlima Meru unavyoonekana asubuhi kutoka uwanja wa kanisa. Na Bwawa la Wazazi. Picha yake imetoka nzuri kuliko zote, ule mvuke na ile mizizi, mpaka Jasmeet ameiweka kwenye jalada la kipeperushi.

Mkutano mkuu wa kijiji ni tarehe 27. Manase ameshakubali. Nakuomba uzungumze na wanawake wenzako mapema, maana nakujua, ukikunja uso wewe wanakunja wote.

Mwanao,
Faudhia


Nairowua
9 Julai 2024

Mwanangu Faudhia,

Marahaba, na nyingine marahaba kwa ile shikamoo uliyosahau kunipa Jumamosi. Salamu zako zimefika zikinuka maziwa. Mimi ni mzima. Goti linauma, lakini linanitabiria mvua vizuri kuliko redio. Majirani wote wanakusalimu, hata wale uliowapita bila kuwatazama.

Maana ulipita hapa kama mtu wa sensa. Ndizi zilikuwa zimeshaiva jikoni, na nyama nimeipunguzia moto nikijua mtoto wa kaka yangu amekuja. Tulikula mimi na kuku.

Simu nimeizima na itabaki hivyo. Kwenye simu unanikatiza. Karatasi inanisikiliza mpaka mwisho.

Sasa sikiliza na wewe. Kuna jambo limetukalia hapa kijijini. Tangu Jumamosi hiyo hiyo kuna khanga imetundikwa kwenye kamba ya Bwawa la Wazazi. Ya buluu, yenye korosho nyeupe pembeni. Wewe uliondoka hapa mdogo, kwa hiyo nakukumbusha: mama aliyejifungua akifikisha arobaini analetwa pale kukandwa na kuoga. Anatundika khanga yake mwenyewe kwenye kamba ya njiani, na ikiwa juu hakuna anayepita, hakuna anayeita, hakuna anayeuliza ni nani. Si mwanamume wala mwanamke. Amevumilia macho ya watu siku arobaini, basi siku hiyo anaachwa.

Siku mbili za kwanza hatukushtuka. Siku ya nne tukaanza kutazamana. Khanga ikikaa siku nyingi hivyo, maana yake kwetu ni moja: ni mama aliyezika. Huyo anaruhusiwa kuja peke yake saa anayotaka, akaondoka akarudi, na khanga yake inabaki mpaka atosheke. Kwa hiyo tumekaa kimya. Tumepita nyumba kwa nyumba kwa macho tu, kutafuta nani ana huzuni na hakusema. Hatujamwona.

Na Ijumaa hii Nosim, mke wa Tajeu, anafikisha arobaini. Bwawa lina mtu, naye hawezi kuingia.

Wewe na mpiga picha wako mlishuka kule Jumamosi. Mlimwona mtu?

Shangazi yako,
Nusura


Njiro
12 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole na baridi, na pole na goti. Hapa wazima.

Shangazi, khanga ni yangu!

Niliitundika mimi. Mpiga picha alisema kamba iko tupu, picha haina uhai, inataka rangi. Nilikuwa nayo kwenye begi, nikaitundika. Akapiga, tukasikia gari linapiga honi juu, tukakimbia. Nilipofika Usa River ndipo nikakumbuka kwamba nimeiacha, nikasema haidhuru, mtu ataiokota. Sikujua kabisa kwamba kijiji kizima kimekaa kinaisubiri ishuke. Nimecheka peke yangu ofisini, halafu nikaona aibu kwa kucheka.

Ishushe tu, mpe Nosim. Mwambie ni zawadi yangu ya uzazi, na aingie bwawani leo leo kama barua itakuwa imefika.

Mkutano ni wiki mbili zijazo. Umeshazungumza na wanawake?

Mwanao,
Faudhia


Nairowua
15 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa Nosim, na huyo nitakuja kwake.

Khanga siishushi.

Subiri, usianze kuvuta pumzi ya hasira, soma kwanza. Zamani, kabla hujazaliwa, mwanamke mmoja wa hapa alikuwa ndani ya maji na mume wake akawa na haraka. Akaivuta khanga kutoka kwenye kamba, akasema njia imefunguka. Wapita njia wakaingia na ng'ombe wao. Yule mama alitoka pale na nguo moja mkononi mbele ya wakwe zake, na hakurudi kwenye bwawa maisha yake yote. Ndipo wanawake wa dini zote na makabila yote ya hapa wakakaa chini na kukubaliana: mkono uliotundika ndio ushushe. Si mume, si mkunga, si mimi niliyepewa kulitunza. Tangu siku hiyo hakuna aliyevunja.

Ijumaa Nosim alikuja amepambwa, mtoto mgongoni kwa mama mkwe, na wenzake wanaimba. Wakafika njiani wakaiona khanga. Wakanyamaza, wakageuka. Tulimkanda nyumbani kwa maji ya ndoo. Alilia, na mimi nilikuwa sijajua khanga ni ya nani, kwa sababu barua yako ilikuwa bado iko kwenye dumu la Yiamat.

Jana nikawaeleza watu kwamba khanga ni yako. Manase akacheka, akachukua fimbo ya kuangulia parachichi, akasema anakwenda kuimaliza hadithi hii. Nilimtangulia kwa njia ya mgombani, na goti langu hili hili. Nikasimama chini ya kamba nikamwambia aanze kuniangua mimi. Alirudisha fimbo.

Leo nikiishusha ya kwako kwa sababu ni ya picha, kesho yeye ataishusha ya Nosim kwa sababu ana wageni. Njoo mwenyewe. Ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka Njiro, si safari ya Hija.

Shangazi yako,
Nusura


Njiro
19 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri.

Siwezi kuja. Wageni wa kwanza wanafika tarehe 3 Agosti na kila kitu kiko juu yangu. Jasmeet ananitazama kila asubuhi kuona kama nimeiweza kazi hii.

Nimefikiria njia. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya ruhusa. Nimeandika kwamba mimi, mwenye khanga, nakupa wewe mamlaka ya kuishusha kwa niaba yangu. Nimetia sahihi na ofisi imegonga muhuri. Wasomee wanawake wote. Mkono utakuwa wako lakini idhini ni yangu, na nadhani hata hao wa zamani wangekubali.

Naomba usinisukume zaidi ya hapo. Unasema sijui desturi za kwetu kwa sababu niliondoka mdogo. Najua za kutosha. Kuishusha mimi mwenyewe ni kushuka mpaka kwenye maji yale, na kwenye maji yale sikuwahi kuingia na sitaingia. Sababu unaijua. Hata picha nilizisimamia nikiwa nimeyapa mgongo.

Na kwa kuwa umeandika rangi ya khanga bila kuitambua: ni ile uliyoniletea mwenyewe nilipokuwa na ujauzito wa miezi saba. Ilikaa sandukuni miaka mitatu, haijakatwa wala kupindwa. Asubuhi ile niliitia kwenye begi, sijui kwa nini. Nilitaka itumike, hata kama ni kwa picha tu.

Mwanao,
Faudhia


Nairowua
23 Julai 2024

Mwanangu Faudhia,

Nakusalimu kwa mapenzi. Leo siulizi hali yako, umeniambia mwenyewe.

Barua yako ya ruhusa niliisoma mbele ya wanawake kumi na wawili. Walicheka hadi mama yake Nosim akashika mbavu. Muhuri! Khanga imepata muhuri wa ofisi! Nikacheka pamoja nao. Kisha nikarudi nyumbani nikasoma hiyo nyingine, na kicheko kikaisha. Hiyo sikumsomea mtu.

Khanga sikuitambua kwa sababu siitazami kwa karibu, hata siku ile ya fimbo niliipa mgongo, nami macho yangu ya mbali yamechoka. Ningeitambua, ningekuandikia tofauti.

Nina jambo nimelificha muda mrefu na ninalitoa leo. Siku ya arobaini yako nilikuja Njiro na wanawake wanne. Tulikuwa tumebeba maji ya bwawa kwenye dumu, yamefunikwa kwa majani, bado yana uvuguvugu. Tulibisha geti. Tuliona pazia linatikisika. Hukufungua. Tulisimama juani mpaka maji yakapoa, tukayamwagia maua ya jirani yako, tukaondoka. Nilirudi hapa nimekasirika, nikasema mbele za watu kwamba umejiona mtu wa mjini. Ulikuwa na maumivu, mimi nikaona kiburi. Nilikosa, Faudhia. Nisamehe.

Ulimwambia Athumani kupitia mlangoni, na nilisikia: "Waambie waende, sina mtoto wa kupeleka." Neno hilo nimelala nalo miaka mitatu. Mwanangu, maji yale hayakuwahi kuwa ya mtoto. Mtoto hata hayagusi, ni ya moto mno kwake, anashikwa pembeni na mtu mwingine. Ni ya aliyezaa. Mimi mwenyewe nimeingia mara mbili. Mara moja na Iqbal, unayemjua. Mara nyingine mikono mitupu, na huyo hukuwahi kumsikia kwa sababu katika ukoo wetu hatumtaji. Tulikosea na hapo pia.

Ruhusa yako naikataa. Muhuri wako mzuri nimeuhifadhi.

Shangazi yako,
Nusura


Nairowua
5 Agosti 2024

Mwanangu,

Nakusalimu tena, ingawa Yiamat amekuja mara tano bila bahasha. Namuuliza kama alikuona, anasema maziwa anapokea Athumani. Sitakulazimisha kujibu. Nitakueleza tu yaliyotokea, halafu uamue.

Mkutano wa tarehe 27 ulikuwa mkali. Maporomoko, kahawa na chemchemi kubwa vilipita bila kelele, hata mimi nilinyoosha mkono. Siwachukii wageni. Lilipofika Bwawa la Wazazi nikasimama, nikasema hilo litoke kwenye orodha. Manase akauliza kwa upole, na upole wake ndio mbaya: "Mama Iqbal, linatumika?" Nikasema linatumika tangu mababu. Akasema, "Mara ya mwisho lini?" Nikahesabu moyoni. Nosim alirudishwa njiani. Wazazi wawili waliomfuata wamekandwa nyumbani. Kwa kufuata sheria yetu, tumelifunga sisi wenyewe.

Wameahirisha hadi tarehe 24 Agosti, Jumamosi. Siku hiyo kamati itashuka kulikagua. Ikikuta khanga ile ile bado inaning'inia na hakuna anayeoga, litahesabiwa kuwa halitumiki, na litakabidhiwa kwa ajili ya wageni. Wataweka sementi, na vibanda vya kubadilishia nguo.

Wageni wako walikuja juzi na Jasmeet. Tulikaa njiani na mikeka yetu, tukawaelekeza kwenye kahawa, wakaenda wakafurahi. Jasmeet alibaki na sisi. Akauliza khanga ni ya nini. Nilipomweleza alikaa chini kwenye mkeka na suruali yake nzuri, akasema kwao pia mzazi hukaa siku arobaini, na bibi yake alimfungia ndani akimlisha samli mpaka akatamani kutoroka. Tulicheka sana. Wewe hukuja nao. Alisema uliomba ruhusa siku hiyo.

Watu wananiambia: Nusura, ishushe, uliokoe bwawa. Hata Nosim ameniambia. Nimekataa. Nikiliokoa kwa kuivunja sheria yake, nitakuwa nimeokoa maji ya moto tu, na maji ya moto hata sufuria inayo.

Shangazi yako,
Nusura


Njiro
14 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Mwili ni mzima.

Barua ya tarehe 23 nilikaa nayo wiki tatu. Niliisoma bafuni, na garini kwa Athumani, na tena ofisini hadi Jasmeet akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia. Miaka sita nimefanya kazi mbele ya meza yake na sikuwahi kumsimulia.

Kwa hiyo nikuambie na wewe, maana hata wewe sikukuambia. Walinipa pole, ndiyo. Walisema nitapata mwingine. Walisema nishukuru nimepona. Waliondoa nguo za mtoto kabatini kabla sijarudi kutoka hospitali, kwa wema tu. Siku ya tatu maziwa yalikuja, Shangazi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba yatakuja. Nililowa hadi kiunoni nimekaa kwenye kochi na wageni wamejaa sebuleni, nikaenda kubadilisha nguo, nikarudi kuwamiminia chai. Mliponijia siku ya arobaini niliona wanawake watano wanaokuja kwa mzazi, na nikaona aibu, kana kwamba nimejipachika cheo kisicho changu. Ndiyo maana sikufungua. Halikuwa suala la mjini.

Nimekusamehe. Nami nisamehe kwa lile geti.

Bwawa nimeliondoa kwenye orodha na jalada la kipeperushi limebadilishwa. Jasmeet hakubisha hata kidogo, ila anasema kwa sasa uamuzi si wa ofisi tena. Manase akishapata kura, akikosa sisi atawapa wengine. Na mlango nimemfungulia mimi.

Kwa hiyo nitakuja tarehe 24. Nitashuka, nitaishusha khanga yangu, nitasimama mkutanoni niseme kwamba lilikuwa kosa langu, na nitarudi. Majini siingii. Usiandae ndizi.

Mwanao,
Faudhia


Nairowua
18 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa.

Kuhusu geti, limekwisha.

Sasa nina kosa lingine la kukiri na najua utakasirika. Sheria ya khanga ina nusu ya pili ambayo sikukuandikia, kwa sababu ningekuandikia mwanzoni usingejibu tena. Khanga haishushwi na mtu mkavu. Anayeishusha ni anayetoka majini, na ndiyo nguo anayojifunga kutokea. Hivyo ndivyo ilivyo tangu siku ya yule mama aliyeaibishwa. Kama ungekuja ukaivuta tu na kwenda zako, Manase angekuwa wa kwanza kusema: mnaona, inavutwa tu.

Sikupangii. Niliwahi kukupangia na ikatugharimu miaka mitatu. Nakuambia ukweli wa mambo ulivyo, na uamuzi ni wako. Jumamosi kuanzia saa moja na nusu asubuhi tutakuwa njiani, mimi na wanawake wanane. Mafuta ya nazi yapo, majani yapo. Usipokuja, au ukija ukaona huwezi, tutakunja mikeka na hakuna atakayekulaumu, nikiwamo mimi. Mkutano utaanza saa nne na bwawa litakwenda. Nitasikitika, lakini sitakuwa nimelinunua kwa machozi yako.

Ndizi nitapika. Hilo halina mjadala.

Shangazi yako,
Nusura


Nairowua
27 Agosti 2024

Mwanangu Faudhia,

Salamu nyingi, na kwa Athumani pia. Mwambie nimemsamehe kwa kumaliza mtori wote wa ndizi akikusubiri kule juu. Natumaini umelala. Baada ya maji yale mtu hulala siku mbili, usipigane nao huo usingizi.

Uliondoka Jumamosi hujakaa mkutanoni, na ulifanya vizuri. Nguvu zako ulikuwa umeshazitumia. Lakini kuna mambo hukuyaona kwa sababu ulikuwa ndani, na ni haki yako kuyajua.

Tulipokwisha kukukanda ukatuomba tukuache, tulipanda tukakaa njiani kwenye mikeka. Ilikuwa kama saa tano. Mkutano ulikuwa umeanza shuleni, na tukawaona wanashuka: Manase mbele, mtendaji wa kijiji na daftari lake, wanakamati sita, na fundi mwenye futi kamba ya kupimia vibanda. Manase akaitazama khanga. Akasema, "Ni ile ile. Wiki nane." Fundi akaanza kuvuta futi kamba kutoka mti wa kwanza.

Hatukumjibu. Sheria inasema hakuna anayeuliza, na sisi tukaona basi hakuna anayejibu pia. Wanawake wanane na mimi, midomo imefungwa.

Ndipo ulipolia.

Huenda hukujua kwamba sauti ilifika huku juu. Ilifika. Haikuwa kilio cha kuomba msaada, kila mwanamke pale alikijua ni cha nini. Na ulitaja jina. Miaka mitatu sikujua kama ulimpa jina. Sitaliandika hapa, ni lako kulitoa, lakini nimelisikia na nimelishika.

Manase alisimama mguu mmoja mbele. Yule mzee, mwanangu, ana mabinti wanne. Alivua kofia. Akamshika fundi mkono, akamwonyesha kwa kidole aikunje ile futi kamba, na aikunje taratibu isilie. Wakageuka wote tisa wakapanda, wanakanyaga kama watu wanaotoka chumba cha mgonjwa. Mtendaji alijikwaa kwenye mzizi na hata hakusema "aah".

Wewe ukatoka umelowa, ukanyoosha mkono ukaishusha, ukajifunga. Hayo unayajua. Usiyoyajua ni kwamba Nosim alikuwa nyuma ya mgomba amekaa na mtoto wake, na nywele zako zilikuwa hazijakauka alipotundika ya kwake. Siku themanini na tatu badala ya arobaini. Hakuna aliyehesabu.

Kura ilichukua muda mfupi kuliko sala ya kufungulia mkutano. Bwawa limetoka kwenye orodha, na imeandikwa kwamba litabaki kama lilivyo. Maporomoko na kahawa ni vyako na Jasmeet, waleteni wageni, tutawakaribisha.

Ila mtendaji ni mtu wa karatasi. Akasema lazima muhtasari uonyeshe kamati ilikuta nini, maana kijiji kiliagiza ukaguzi. Akafungua daftari, akaniuliza kwa kuwa mimi ndiye mtunzaji: siku ya ukaguzi bwawa lilikuwa linatumiwa na nani?

Nikasema, "Jina silitoi. Andika mzazi mmoja."

Akaandika. Halafu bila kuinua kichwa, kwa sababu safu inayofuata ndivyo inavyotaka, akauliza, "Umri wa mtoto?"

Shule nzima iligeuka kunitazama. Walikuwa wanajua, Faudhia, wote. Niliwatazama nikasubiri kama yupo wa kunikatalia. Manase alikuwa bado ameshika kofia mkononi, akaniashiria kwa kichwa niseme.

"Miaka mitatu na miezi mitano," nikasema, na mtendaji akaandika.

Shangazi yako,
Nusura